Zimwi Lisilotujua: Mihadarati, Visakale na Sinema ya Kutisha, 1936 hadi 1987

Msimu wa tamasha za drama unapokaribia, walimu wengi wa Kiswahili nchini huombwa waandike mchezo au filamu fupi ya kuwaonya vijana dhidi ya mihadarati. Yamkini wewe pia umewahi kuombwa. Ukiketi na karatasi yako, ploti hujileta yenyewe: kijana mwema anakutana na rafiki mbaya, anavuta mara moja tu, anaingiwa na wazimu, anaua au anauawa, kisha mwalimu mkuu anajitokeza jukwaani kutoa onyo. Pazia. Makofi. Na wanafunzi walioketi nyuma kabisa wanacheka.

Kicheko hicho ndicho kiini cha makala haya. Ploti tunayoiandika si yetu, wala si mpya. Ina kielelezo kinachojulikana, chenye tarehe na majina, na hatima yake imekwisha kuonekana. Ili kuifuatilia nitakupeleka Marekani, kwenye sinema tatu zilizotengenezwa nje ya studio kubwa za Hollywood. Ya kwanza ni ya mwaka 1936, ya pili ya 1984 na ya tatu ya 1987. Zote zinawahusu vijana na zinategemea visa vya kutisha vinavyosimuliwa kana kwamba ni vya kweli. Isitoshe, ya kwanza imeungana na hizo mbili nyingine kwa kampuni moja, kwa njia ambayo huenda ikakushangaza.

Lakini kabla ya kuingia katika sinema, hebu tukumbushane jambo tunalolifundisha katika fasihi simulizi. Katika ngano, zimwi aghalabu haliji na sura ya zimwi. Huja ngomani likiwa kijana mtanashati, likamposa msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini. Katika ngano za Wakikuyu na Wakamba lina mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele, na anayeuona kwa kawaida ni mtoto mdogo ambaye hakuna anayemsikiliza. Hofu ya ngano hizi hutokana na ukaribu. Anayesikiliza anaijua ngoma ile, anaijua njia ya kwenda mtoni, na anawajua wazee waliokubali mahari bila kuuliza mgeni ametoka ukoo gani. Tafadhali uukumbuke mdomo huo wa kisogoni, maana tutakutana nao tena.

Mwalimu mkuu anasimulia

Mwaka 1936 mwelekezi Louis Gasnier, Mfaransa aliyezaliwa Paris na kupata sifa enzi za sinema bubu, alielekeza sinema ya dakika zipatazo 66 iliyoitwa Tell Your Children, yaani Waambieni Wanenu. Baadaye ikapewa majina mengine, na lililoshika ni Reefer Madness, ambalo tunaweza kulifasiri kuwa Wazimu wa Bangi.

Kwa nini haikutoka katika studio kubwa? Kuanzia mwaka 1934 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni za maadili zilizokataza, miongoni mwa mambo mengine, kuonyesha biashara ya mihadarati. Pengo hilo likajazwa na watayarishaji wadogo. Mmoja wao, Dwain Esper, aliinunua sinema ya Gasnier, akaikata upya, akaisambaza katika kumbi ambazo hazikuwa chini ya studio. Watu wa aina yake walikuwa na kinga moja: walidai kwamba sinema zao ni za elimu. Chini ya dai hilo waliweza kuuza walichokatazwa wengine, yaani sigara za bangi, vijana wakicheza dansi usiku, na wasichana wakivaa soksi zao mbele ya kamera. Tayari hapa pana kinaya: onyo ndilo lililokuwa bidhaa.

Ploti yenyewe ni hii. Mae na Jack wana nyumba ambamo vijana hualikwa kuvuta bangi. Jimmy, mwanafunzi, anavuta, anaendesha gari kwa kasi na kumgonga mtu njiani. Bill, mchumba wa Mary ambaye ni dada yake Jimmy, anavutwa humo na mwanamke aitwaye Blanche. Mary anakuja kumtafuta ndugu yake. Ralph, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo, anajaribu kumnajisi. Bill anaingilia kati huku akili imemruka. Bastola inalia na Mary anakufa. Bastola inawekwa mkononi mwa Bill, naye anaamini kwamba ameua. Baada ya kesi, Ralph anapagawa kwa hofu na kumpiga Jack kwa fimbo hadi kufa. Blanche anaungama, kisha anajirusha dirishani. Ralph anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili asitoke tena. Yote hayo katika muda usiozidi vipindi viwili vya darasani!

Mtahiniwa atakimbilia kuorodhesha maudhui. Mwalimu na amrudishe kwenye usimulizi, kwa maana siri ya sinema hii imo humo. Kisa chote ni hadithi ndani ya hadithi. Anayesimulia ni Daktari Alfred Carroll, mwalimu mkuu wa shule ya upili, akiwahutubia wazazi mkutanoni. Kabla ya kuanza kisa anawaonyesha namna dawa zinavyofichwa, hata ndani ya kisigino cha kiatu. Anapomaliza ananyosha kidole kwa wazazi, kisha anakigeuza kuelekea kwenye kamera, yaani kwako wewe mtazamaji. Msimulizi huyu anajua kila kitu: yaliyotendeka chumbani, yaliyowazwa na Ralph, hata mwendo wa piano aliyokuwa akiipiga Blanche. Ameyajuaje? Sinema haisemi. Hakuna kijana hata mmoja anayesimulia lolote kwa niaba yake mwenyewe. Vijana wanapewa vicheko, macho ya kutoka na maiti, basi.

Halafu, angalia ni nani zimwi hapa. Si Jack, si Mae, wala si mkubwa wao mwenye kuleta shehena, ambaye anaonekana kidogo tu. Zimwi ni jani lenyewe. Bangi inapewa nia na ukatili kana kwamba ni kiumbe. Sinema inatangaza mwanzoni mwake kwamba hili ndilo adui mkubwa kuliko kasumba, kokeini na heroini. Hiyo ni tashihisi, na tashihisi si kosa katika sanaa. Tatizo ni kwamba ilitolewa kama taarifa ya daktari.

Visa viwili vilivyolea hofu hiyo

Hofu ya mwaka 1936 haikutungwa na Gasnier peke yake. Ilikuwa imekwisha kulelewa na visa vilivyokuwa vikitembea magazetini na vinywani. Viwili vinatufaa sana sisi wa fasihi simulizi, maana vinatuonyesha tukio likigeuka kuwa kisakale.

Cha kwanza ni cha mji wa Tampa, jimbo la Florida. Mwezi Oktoba mwaka 1933 kijana mmoja wa mji huo aliwaua kwa shoka wazazi wake, ndugu zake wawili na dada yake. Hilo lilitendeka. Punde ikasemwa kwamba alikuwa mvutaji wa bangi, na kwamba bangi ndiyo iliyoshika shoka. Harry Anslinger, aliyeongoza Idara ya Mihadarati ya serikali ya Marekani tangu 1930 hadi 1962, alikirudia kisa hiki mara nyingi, na kimo katika makala yake ya Julai 1937 aliyoyaita muuaji wa vijana. Kilichoachwa nje ya simulizi ni kwamba hata kabla ya mauaji polisi walikuwa wametaka kijana huyo alazwe kwa maradhi ya akili, wazazi wakaomba wamtunze wenyewe nyumbani. Madaktari waliompima baadaye walimkuta na maradhi mazito ya akili. Kumbukumbu za hospitali alikolazwa, zilizochunguzwa miaka mingi baadaye, hazikuitaja bangi kuwa chanzo cha wazimu wake.

Tazama kilichofanyika. Kisa cha familia iliyombeba mgonjwa wao peke yake, mpaka mzigo ukawaangukia, kilifutwa. Mahali pake pakawekwa zimwi. Ninakiona kuwa cha kusikitisha zaidi kuliko chochote kilichomo katika sinema ya Gasnier, na ni kisa ambacho mwandishi yeyote wa tamthilia angekionea fahari. Lakini hakikuwafaa waliotaka sheria, kwa kuwa hakina adui wa kumkamata.

Kisa cha pili kimetoka mbali. Anslinger na wenzake walipenda kusimulia kuhusu Alamut, ngome ya milimani katika nchi ya Uajemi, ambamo Hasan-i Sabbah anadaiwa kuwalewesha vijana hashishi ili wakaue kwa amri yake. Neno la Kizungu la muuaji wa kuvizia, ambalo Anslinger alilitumia katika anwani ya makala yake, linahusishwa na jina la hashishi. Ngome ya Alamut ilikuwako kweli. Hasan aliitwaa mwaka 1090, na Wamongolia waliiteka mwaka 1256. Vijana waliokuwa wakileweshwa hawana ushahidi. Waliokaa humo walikuwa Waismaili wa Kinizari, jamaa ya wachamungu na wasomi wenye maktaba yao. Jina la kuwahusisha na hashishi walipewa na mahasimu wao kama tusi. Wasafiri na wanazuoni wa Ulaya wakalichukua kama habari.

Na jamaa hiyo, msomaji, si wageni kwako. Ni hao wanaomfuata Aga Khan, ambao shule na hospitali zenye jina lake zimesimama Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tusi walilotukanwa mababu zao katika zama za vita vya msalaba lilifika mwaka 1937 likiwa hoja ya kutunga sheria nchini Marekani. Hivyo ndivyo visakale vinavyosafiri. Katika silabasi tumezoea kuvihusisha na mashujaa, akina Fumo Liyongo na Lwanda Magere, tukasahau kwamba jamii hutunga pia visakale vya kumtia doa mgeni.

Sheria ya kuitoza bangi kodi ya kuizima ilitiwa sahihi tarehe 2 Agosti 1937. Mwakilishi wa chama cha madaktari wa Marekani, Daktari William Woodward, alikuwa amekwenda mbele ya wabunge akalalamika kwamba wanaletewa habari za magazeti badala ya ushahidi wa magereza na wa idara ya watoto. Hakusikilizwa. Mwaka 1944 kamati iliyoundwa na meya wa New York ilitoa ripoti yake baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, na haikuona kwamba uvutaji wa bangi ndio unaozaa mauaji.

Nisieleweke vibaya. Bangi ina madhara, hasa kwa akili ya kijana ambayo bado inakua, na mwalimu aliyewahi kumwona mwanafunzi hodari akififia muhula baada ya muhula hahitaji kuambiwa. Lakini hayo siyo madhara yaliyoonyeshwa na Gasnier. Kufifia hakuna shoka wala dirisha la kurukia. Kufifia hakuna ploti ya dakika 66.

Kicheko cha mwaka 1972

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Keith Stroup, mwanasheria aliyekuwa akipigania sheria za bangi zilegezwe, aliikuta sinema hii katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington. Hakimiliki yake haikuwa imelindwa ipasavyo, hivyo yeyote angeweza kuionyesha. Alinunua nakala kwa dola 297, akaanza kuitembeza katika vyuo vikuu ili kuchanga fedha za kampeni yake. Wanafunzi walijaa kumbini. Walicheka mpaka machozi. Sinema iliyofanywa ili kuwaogofya wazazi wa 1936 ikawa vichekesho vya wana na wajukuu wao, tena ikiwachangia fedha wale wale iliyokusudia kuwapinga.

Tunapofundisha kinaya, huwa tunatafuta mifano midogo midogo ndani ya sentensi. Hapa kinaya kimeikumba kazi nzima, na bila neno moja la matini kubadilishwa. Kilichobadilika ni hadhira. Wazazi wa 1936 wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona bangi. Wanafunzi wa 1972 walikuwa wamekaa na watu waliovuta, wakaona kwamba hawakuruka madirishani. Kidole cha Daktari Carroll kilipowaelekea, walijua kwamba anayewanyoshea hawajui.

Na hapo ndipo jambo hili linapoacha kuchekesha. Kijana aliyegundua kwamba ameongopewa kuhusu bangi, ataamini nini mtu yule yule anapomweleza kuhusu heroini? Katika mitaa ya Mombasa, Malindi na Lamu heroini haihitaji kupambwa na msanii yeyote ili iogopeshe. Lakini onyo linalohusu heroini linapotoka katika kinywa kilichokwisha kushukiwa, linaingia sikio moja na kutokea la pili. Kicheko cha viti vya nyuma kina gharama, na anayeilipa siye aliyeandika mchezo.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine mapema sana. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, inaanza na maiti iliyokutwa mahali pa mzimu. Kila mtu yuko tayari kuamini kwamba mizimu imeua. Bwana Msa, akiwa na kiko chake, anafuata nyayo za binadamu mpaka anamfikia muuaji mwenye jina na sababu. Kisakale cha mahali hakidharauliwi. Kinaonyeshwa kuwa pazia ambalo mtu amejificha nyuma yake. Gasnier alifanya kinyume: alikuwa na watu wenye majina na sababu, akawafunika kwa pazia la jani.

Mtaa wa Elm na siri ya wazazi

Sasa tuje kwenye ule uhusiano nilioutaja mwanzoni. Mtu aliyeisambaza Reefer Madness kwa hadhira ile ya vyuoni ni Robert Shaye, mwenye kampuni ndogo aliyoianzisha mwaka 1967 iitwayo New Line Cinema. Miaka kumi na miwili baada ya kicheko cha 1972, kampuni hiyo hiyo, ikiwa bado nje ya studio kubwa, ilitoa A Nightmare on Elm Street, yaani Jinamizi la Mtaa wa Elm, iliyoandikwa na kuelekezwa na Wes Craven. Kwa hiyo kampuni iliyovuna kicheko cha vijana ndiyo iliyokuja kuwatia hofu ya kweli.

Craven alieleza kwamba wazo lilimjia kutokana na habari za gazeti moja la Los Angeles kuhusu wakimbizi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Wahmong, ambao walikufa usingizini baada ya kulalamikia ndoto za kutisha. Kutokana na habari hiyo akaumba kisakale cha mtaa. Katika mji wa kubuni wa Springwood, vijana wanne wanaota ndoto moja ya mtu aliyeungua uso, mwenye glavu ya visu. Anayeuawa ndotoni hafufuki asubuhi. Wasichana wadogo wanaruka kamba barabarani huku wakiimba wimbo wa kuhesabu unaomtaja. Wimbo huo wa watoto ndio kumbukumbu pekee ya mtaa. Watu wazima hawalitamki jina lake kamwe. Mwalimu wa fasihi simulizi hawezi kupata mfano bora wa nyimbo za watoto zikihifadhi kile ambacho wazee wamekifukia.

Walichofukia ni hiki. Mtu yule, Freddy Krueger, aliwaua watoto wa mtaa. Mahakama ikamwachilia kwa sababu hati ya upekuzi haikutiwa sahihi ipasavyo. Wazazi wakakusanyika, wakamchoma moto, wakanyamaza. Marge, mamake Nancy, ameficha glavu ya marehemu ndani ya tanuri la chini ya nyumba, na ameficha chupa ya pombe miongoni mwa nguo za kabati. Babake Nancy ni afisa wa polisi. Rafiki ya Nancy anapouawa, polisi wanamkamata mpenzi wa msichana huyo na kufunga jalada, kwa vile maelezo hayo ndiyo mepesi kwao.

Mambo yamegeuka kabisa. Mnywaji ni mama. Kijana, kwa upande wake, anameza kahawa na vidonge vya kufukuza usingizi ili asife, huku watu wazima wakimshurutisha alale kwa faida yake. Msimulizi wa 1936 alikuwa mwalimu mkuu aliyejua yote; hapa macho tunayotazamia ni ya msichana wa shule ambaye anaambulia ukweli kipande kwa kipande, na anaupata kwa mama aliyelewa. Zimwi linamjua kila mtoto kwa jina, kwa kuwa wazazi wao ndio waliolitengeneza. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Craven anatutisha kwa kuigeuza methali hiyo: zimwi hili lafahamiana na ukoo mzima, na ndiyo sababu linakula.

Hakuna aliyecheka vyuoni. Watazamaji wa kazi hiyo waliiinua kampuni ya Shaye hata ikapewa lakabu ya jumba lililojengwa na Freddy.

Midomo mikononi mwa Taryn

Sinema ya tatu katika mfululizo huo, Dream Warriors, yaani Wapiganaji wa Ndotoni, ilitoka mwaka 1987 chini ya mwelekezi Chuck Russell. Mwaka mmoja kabla, 1986, Marekani ilikuwa imepitisha sheria kali dhidi ya mihadarati, na mke wa rais alikuwa akizunguka nchini akiwahimiza watoto wakatae tu. Sinema hii yawaweka vijana wake katika wodi ya wagonjwa wa akili. Madaktari wanasema wamejaribu kujiua. Wao wanasema kuna mtu katika ndoto zao. Daktari mmoja anaamuru wapewe dawa ya usingizi kwa lazima. Mwingine anakubali, kwa woga, kutumia dawa ya kuzuia ndoto. Dawa ni nini basi, na ni nani mwenye idhini ya kuiita tiba au uraibu? Sinema inaliuliza swali hilo bila kulitolea hotuba.

Miongoni mwa vijana hao yumo Taryn, aliyekuwa mraibu wa heroini na sasa ameacha. Katika ndoto anajiona jasiri, amenyoa nywele pande mbili, ana kisu kila mkono. Krueger anamkuta kwenye kichochoro. Vidole vya glavu vinageuka kuwa sindano. Taryn anaitazama mikono yake, na makovu ya sindano za zamani yanafunguka yakawa midomo midogo inayonyonya hewa, inayodai.

Msomaji, huo ndio mdomo wa kisogoni. Sijui taswira nyingine ya uraibu katika sinema za aina hii inayoukaribia huu kwa ukweli. Gasnier alituonyesha macho ya kutoka na vicheko. Russell anatuonyesha kwamba mwili unakumbuka, kwamba anayetamani ndiye huyo huyo aliyekwisha kukataa. Zimwi halikumletea Taryn kitu kigeni. Lilimletea alichokijua. Mtu yeyote aliyemwuguza ndugu anayejaribu kuacha ataielewa picha hiyo bila maelezo.

Hata hivyo nina ugomvi nayo. Taryn anakufa pale pale, na kifo chake kinachukua dakika chache kabla sinema haijakimbilia kwa mhusika anayefuata. Aliyeacha heroini akashindwa ndotoni, basi amekwisha. Daktari Carroll angekubaliana na mwisho huo. Wodi nzima imejaa watu waliofunzwa kumsaidia, lakini hatuonyeshwi hata siku moja ya kawaida ambamo Taryn ameamka asubuhi bila kutumia, akapiga mswaki, akaketi kwenye kikao cha kikundi. Siku ya namna hiyo ndiyo ngumu kuiandika, na ndiyo inayokosekana pia katika michezo yetu.

Upande wa kisakale sinema hii inaenda mbali kuliko iliyotangulia. Inabainika kwamba mifupa ya Krueger ilitupwa katika uwanja wa magari mabovu, ndani ya buti ya gari, na kwamba hatatulia mpaka izikwe panapostahili. Anayejua ilipo ni babake Nancy, ambaye sasa anashinda baa. Jamii zetu nyingi zinalielewa jambo hilo mara moja, kwani maiti isiyozikwa kwa taratibu zake haiwaachi walio hai walale. Kwa mara nyingine tena, ufunguo umo mikononi mwa mzee mlevi asiyetaka kusema.

Ukitaka mfano wa karibu, itazame hadithi fupi ya Ali Mwalimu Rashid, "Mkubwa", iliyomo katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine ya mwaka 2016. Humo anayeingia katika biashara ya dawa za kulevya anaingia ili apate fedha za kugombea uongozi. Hakuna jini wala mzimu. Msomaji anaachwa akitazama njia ambayo dawa inapitia, na ofisi ambazo njia hiyo inazifikia. Ile shehena ambayo Gasnier alimficha mwenyewe, hapa ndiyo inayofuatwa.

Kwa mwalimu anayetaka kulijaribu jambo hili darasani, sinema ya mwaka 1936 haina hakimiliki, na vipindi viwili vya dakika 40 vinaitosha. Itazame kwanza wewe mwenyewe, kwa sababu ya lile tukio la kumnajisi Mary. Zile mbili za Krueger ni za watu wazima. Kuzisimulia kwa mdomo kunatosha, na pengine kunafaa zaidi. Unapoonyesha Reefer Madness, simamisha picha kabla Daktari Carroll hajanyosha kidole. Waulize wanafunzi ni nani aliyemsimulia kisa hiki, na Ralph angekisimuliaje akiwa kule hospitalini. Wape karatasi waandike sauti ya Ralph katika nafsi ya kwanza, ukurasa mmoja, kisha uende ukaketi viti vya nyuma wanaposomeana.